Kabla hujapaka dawa ya kufukuza maji kwenye kondensa yako

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi. Kondensa ni kifaa cha kupoza mvuke uwe maji, na yangu ilikuwa bamba la shaba lililosimama wima, mvuke ukilipiga upande mmoja na maji baridi yakipita upande wa pili, na kila nilipotaka kulitumia nililisugua mpaka likang'aa. Siku moja nililishika vibaya, dole gumba likagusa katikati. Mvuke ulipofika, bamba zima lilivaa utando wa maji, isipokuwa pale penye alama ya kidole. Pale paliota matone.

Nikavuta kiti. Tone lilizaliwa dogo kama ncha ya sindano, likanenepa, likaungana na jirani zake, na lilipofika milimita mbili hivi likashindwa kujishikilia, likaporomoka huku likizoa kila lililokuwa njiani. Nyuma yake palibaki mchirizi mkavu, na sijapepesa macho vitone vipya vimeshaota humo.

Ni mafuta ya kidole tu yaliyofanya hivyo. Shaba safi maji hutandaa juu yake. Yenye mafuta, maji hujikunja. Wataalamu huangalia pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na uso: chini ya nyuzi 90 uso unalowa, zaidi ya hapo unakataa maji, na ukivuka 150 tone hukaa kama gololi.

Kwa nini ujisumbue na haya? Kilo moja ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji huachia kilojuli 2,257 hivi, zaidi ya mara tano ya joto la kuyatoa maji hayo sifuri hadi kuchemka. Joto lote hilo, kama kuna utando, lazima lipenye maji kwanza ndipo liifikie shaba, na maji ni blanketi: shaba hupitisha joto mara mia kadhaa zaidi yake. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Nusselt alikokotoa hesabu ya utando huo mwaka 1916. Matone, mvuke ukiwa safi, huweza kupitisha joto mara tano hadi kumi zaidi, na kazi kubwa hufanywa na vile vidogo kuliko unene wa unywele. Ndiyo maana ule mchirizi mkavu una thamani.

Basi nami nikakimbilia dawa kali kabisa, ile ya kuiga vinundu vidogo vya jani la yungiyungi. Nilipomwagia maji ya bomba, yalibiringika kama zebaki. Nikafurahi bure. Kwenye mvuke, matone hayatui juu ya vinundu vya dawa, yanazaliwa ndani ya mianya yenyewe. Baada ya dakika chache uso ulikuwa umelowa hadi mizizini, na matone yameng'ang'ania kama kupe. Tangu hapo dawa yoyote siiamini kwa maji ya kumwagia. Naijaribu kwenye mvuke, na naangalia kama tone linaondoka likiwa dogo. Uso laini wenye pembe ya nyuzi mia na kidogo, usioshika tone, umenifaa kuliko ule wa gololi.

Upake mwembamba. Plastiki za kufukuza maji hupitisha joto vibaya kuliko hata maji, kwa hiyo koti nene linakula faida yote. Koti jembamba nalo huchakaa, na hapo ndipo pagumu: kondensa nyingi za mitambo mikubwa hadi leo hukadiriwa kwa hesabu za utando.

Lakini kabla ya dawa yoyote, toa hewa. Nilipoteza muda mwingi nikilaumu uso, kumbe hewa ilibaki ndani, imejikusanya mbele ya bamba, na mvuke unapenya humo kwa taabu. Hewa isiyofika hata asilimia 1 inaweza kukunyang'anya nusu ya joto. Fungua tundu la kutolea hewa, acha mvuke utoke kwanza, ndipo upime.

Na mtambo wa kukeneka maji kwa jua, ule unaovukiza maji ya chumvi chini ya kioo ili upate maji safi? Huo umejaa hewa, kwa hiyo matone hayakuongezei kitu cha maana. Tena yakiota chini ya kioo hurudisha mwanga nje, na makubwa hudondoka palepale kwenye maji ya chumvi. Kioo changu nakisugua mpaka kilowe chote, maji yateleze kwa utando hadi kwenye mfereji.