Kidokezo changu cha Vim kimefumuliwa kwenye wiki. Wanataka nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Natumia Vim, programu ya kuhariri maandishi, siku nyingi. Majuzi nilifungua ukurasa kwenye wiki ya vidokezo vya Vim, nikaeleza namna ya kufuta nafasi tupu zinazobaki mwisho wa mistari. Niliweka hii:

`map <F5> :%s/\s\+$//<CR>`

Kwangu inafanya kazi vizuri kabisa. Kesho yake nakuta mtu ameibadilisha, ameondoa jina langu na namba ya M-Pesa niliyoweka chini, na ameniachia ujumbe nisome mwongozo wa wachangiaji. Mwongozo wenyewe ni mrefu. Hasa wanataka nini?
— *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu yangu, tatizo liko kwenye hayo maneno yako, "kwangu inafanya kazi". Atakayenakili mstari huo hana `.vimrc` yako (faili la mipangilio) wala plagini zako (programu za nyongeza), na huenda hata toleo lake la Vim ni la zamani. Kabla ya kubandika chochote, fungua `vim --clean`, ambayo huruka mipangilio na plagini zako zote, ujaribu humo.

Sasa tuuangalie mstari wenyewe. `map`, yaani amri ya kukipa kitufe kazi, inashika hata pale mtu anapokuwa ameteua maandishi. Akibonyeza F5, Vim inatanguliza `'<,'>`, yaani alama za sehemu iliyoteuliwa, mbele ya `%s` inayolenga faili zima, na amri inagoma. Halafu wapo waliobadilishana kazi za `;` na `:` ili wasisumbuke na Shift. Kwao ile `:` iliyo ndani ya `map` yako itageuzwa nayo, na amri haitaanza kabisa. `nnoremap` inamaliza yote mawili, kwa kuwa inafanya kazi katika hali ya kawaida tu (ile ambayo vitufe ni amri, si maandishi) na haijali mtu amepanga vitufe vyake vipi. Ongeza `e` mwishoni, ili faili ambalo tayari ni safi lisitoe ujumbe wa kosa:

`nnoremap <F5> :%s/\s\+$//e<CR>`

Chini yake andika onyo. Kwenye Markdown, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama, nafasi mbili mwisho wa mstari maana yake ni kukata mstari, kwa hiyo amri hii itaharibu mpangilio wa mtu kimyakimya. Binafsi naona sentensi hiyo moja ina faida kuliko aya tatu za kuisifia Vim.

Kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hata wazoefu. Wiki hiyo inaendeshwa kwa programu ya MediaWiki, na humo mstari unaoanza na `:` husogezwa ndani na nukta mbili zenyewe hupotea. Umeandika `:set list`, msomaji anaona `set list`, anaichapa hivyo hivyo, na Vim inamfutia herufi chini ya kishale kisha inaanza kuandika "et list" kwenye faili lake. Alama mbili za `'` zikifuatana nazo humezwa, maandishi yanayofuata yanalala. Funga kila amri ndani ya `<pre>` na `</pre>`, ubonyeze hakikisho kabla ya kuhifadhi.

Jina halihitajiki mwishoni mwa ukurasa, maana historia ya ukurasa inalitunza. Sahihi huwekwa kwenye majadiliano. Namba ya M-Pesa hapana, hiyo iondoe moyoni. Vim yenyewe, ukiifungua bila faili, inaomba msaada kwa ajili ya watoto wa Uganda: Bram Moolenaar, aliyeiunda na kufariki mwaka 2023, alielekeza michango kwenye kituo cha watoto cha Kibaale. Chapa `:help iccf` usome.

Yaliyobaki ni mepesi. Tafuta kwanza kama mada ipo, maana hii ya nafasi tupu ni ya zamani sana. Kama ipo, boresha ukurasa huo badala ya kufungua mwingine. Usinakili maandishi ya tovuti nyingine. Jambo likishaelezwa ndani ya `:help`, yaani mwongozo wa Vim yenyewe, taja jina la kipengele tu, usilihamishe lote. Na jaza kisanduku cha muhtasari kila unapohariri, hata kwa maneno matano: "nimeweka nnoremap badala ya map".

Ukiona mhariri aliyekurekebisha amekosea mahali, muulize kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kurudisha toleo lako, na mtajie toleo la Vim ulilojaribia. Utalipata kwa `:version`.