Harufu ya mayai viza ikikatika ghafla, usishuke

Nilipoanza kazi ya kunyonya mashimo ya maji taka niliiamini pua yangu kuliko chombo chochote. Siku moja nimeinama juu ya shimo, nakoroga tope kwa mti mrefu, mapovu yakapanda na harufu ya mayai viza ikanitoa machozi. Baada ya dakika chache, kimya, hakuna harufu. Nikamwambia mwenzangu, "Imeisha hiyo, lete ngazi." Akanishika shati kwa nyuma. Kipima gesi alichokiteremsha kwa kamba kilikuwa kinapiga kelele.

Gesi haikuwa imeisha. Pua ndiyo iliyokufa ganzi. Haidrojeni salfaidi, yaani H2S, hunusika hata ikiwa chini ya sehemu 1 katika milioni ya hewa, lakini ikifika karibu 100 neva za kunusia hulemaa. Ikikaribia 1,000, pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu mzima. Huzuia kimeng'enya kinachotumia oksijeni ndani ya seli, hivyo unavuta hewa na mwili bado unakosa pumzi.

Gesi hii hutengenezwa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, wakitumia salfeti, chumvi yenye salfa, iliyomo kwenye maji. Sehemu yake hubaki imeyeyuka humo, na ukikoroga hufumka kama soda iliyotikiswa. Mti wangu ndio ulioitoa! Tena ni nzito kidogo kuliko hewa, uzito wa molekuli 34 kwa takriban 29 za hewa, kwa hiyo hupenda kutuama chini, pale utakaposimama. Kumwaga tindikali ili kuzibua ni kosa baya zaidi, maana hukutana na salfaidi za kwenye tope na kufyatua gesi yote kwa mkupuo.

Pete yangu ya fedha ilikuwa imeshakuwa nyeusi wiki kadhaa kabla ya siku ile. Nilidhani nimeuziwa feki, kumbe ni gesi hiyohiyo iliyoitia weusi.

Siku hizi nafungua mfuniko mapema, napuliza hewa kwa feni, kisha napima juu, katikati na chini kabisa. Sigara mbali, kwa sababu gesi hii inawaka. Anayeshuka hufungwa mkanda wenye kamba, na wa juu haondoki. Akianguka, avutwe kwa kamba. Kama hakufungwa, ita zimamoto wenye mitungi ya hewa. Usimfuate, hata akiwa ndugu yako wa damu.