Ipigeni picha ngazi ya nyumba yenu kabla fundi hajafika

Nyumba ya bibi ilikuwa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ngazi yake ilianzia ukumbi wa chini. Mgeni wa kiume hakuuvuka ukumbi ule. Alisimama chini ya ngazi, akapiga hodi, akangoja. Mimi mjukuu nikipanda bila kuuliza, na hivyo ndivyo nilivyojua kuwa mimi ni wa nyumba ile. Si bure cheo tunakiita daraja, na darasa tunaliita kidato: yote mawili ni majina ya hatua za ngazi. Kidato cha tatu kilikuwa kimelika katikati kama sahani, na mguu wangu ulikijua hata gizani.

Tulipokarabati, fundi alivunja vidato vyote, akamwaga saruji na kubandika taili. Sasa ukuta wa kando unatoa chumvi na rangi inabanduka, maana mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani. Hilo litatengenezeka. Linaloniuma ni kwamba hatuna picha ya ngazi ile hata moja. Za Idi na harusi tunazo tele, zote barazani au mbele ya mlango wa nakshi.

Kwa hiyo, mwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe, ipige yako wiki hii. Zima flashi: inaua vivuli, na bila vivuli kidato kilicholika huonekana sawa na kipya. Ngoja mwanga wa uwazi wa juu uangukie ubavuni mwa ngazi. Egemeza simu ukutani, weka taima, kwani penye giza kamera huhitaji muda na mkono hutikisika.

Na weka watu, mmoja juu na mwengine chini. Hili nimejifunza kwa Talbot, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha. Miaka ya 1840 alipiga picha ya ngazi ya mbao: wanaume wawili chini, mmoja juu mlangoni. Iliwabidi watulie tuli mpaka picha ishike. Hakuna anayepanda pale, lakini jicho lako linapanda.

Kisha muulize mkubwa wa nyumba nani aliishia wapi kwenye ngazi, uandike. Bibi alikuwa akikaa kidato cha sita, kwenye kona, ungo mapajani, akichambua mchele na kuzungumza na walio chini bila kushuka. Picha hiyo ndiyo ningeanza nayo.