Ekinasia za kitaluni: usiamini kimo cha kwenye kopo

Pole dada. Ekinasia (maua ya bustani) ulizonunua huko Ohio, Marekani, zikiwa sentimita 40 sasa zinakufika kifuani na kuyalalia mawaridi yako. Hukuuziwa mmea mwingine. Baadhi ya vitalu huzipulizia dawa ya kudumaza ili zipendeze kwenye kopo. Nguvu ya dawa ikiisha, zinarudia kimo chake: ekinasia ya zambarau hufika sentimita 60 hadi 120. Soma kibandiko uone kimo cha mmea uliokomaa (mimi nilipuuza, nikajuta).

Zihamishe majira ya kuchipua, ukiachanisha sentimita 45 hadi 60. Mbolea kidogo tu, la sivyo zitaanguka.

Ila maua yakigeuka kijani na kupindapinda, huo ni ugonjwa usiotibika, huenezwa na wadudu. Ng'oa mmea mzima. Ukisita, wapelekee picha maofisa ugani wa kaunti yako.