Dawa ya kupaka yenye steroidi: soma jina, usidanganywe na asilimia

Shika tyubu mbili za steroidi, dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe na mwasho wa pumu ya ngozi. Moja imeandikwa 1%, nyingine 0.05%. Wengi huchukua ya pili wakiamini ndiyo nyepesi, kumbe ile ya 1% ni hydrocortisone, nyepesi kuliko zote, na hiyo ya 0.05% huenda ikawa clobetasol, kali kuliko zote. Asilimia hutaja kiasi cha dawa kilichochanganywa, ukali haiutaji. Ukali uko kwenye jina, nasi hapa tunayaandika majina kama yalivyo kwenye tyubu ili uyatambue. Kutoka chini kwenda juu: hydrocortisone ni nyepesi, clobetasone butyrate ni ya kati, betamethasone valerate na mometasone ni kali, clobetasol propionate ni kali sana. Angalia mara mbili clobetasone na clobetasol: zote huuzwa kwa 0.05%, majina yanakaribiana, na ukali wake umepishana ngazi mbili.

Ngozi nayo haifanani mwili mzima. Usoni, kwapani, kinenani na sehemu za siri ni nyembamba, hunywa dawa haraka, kwa hiyo hapo tumia nyepesi, na kwa siku chache tu. Karibu na macho usipake bila ushauri wa daktari. Matumizi ya muda mrefu huweza kuleta presha ya macho. Viganja na nyayo ni ngumu na huhitaji dawa kali, ukipaka hydrocortisone hapo utaona haifanyi kitu. Mtoto anayevaa nepi ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu nepi hufunika dawa na kuisukuma ndani. Clobetasol haipakwi zaidi ya wiki mbili mfululizo wala kuzidi gramu 50 kwa wiki, na mtoto hapewi mpaka daktari aseme.

Kipimo ni pingili ya kwanza ya kidole cha shahada cha mtu mzima: kamua dawa kutoka ncha hadi kwenye mkunjo. Hiyo ni karibu nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mguu mzima wa mtu mzima na wayo wake ni pingili nane, mkono na kiganja nne, uso na shingo mbili na nusu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, mguu na wayo ni pingili mbili. Ukiugua mguu mzima, tyubu ya gramu 15 haifiki hata siku nne. Wanaoitumia mwezi mzima kwa kuogopa hupaka kidogo mno, ugonjwa haufi, kisha wanasema dawa imewakataa.

Mara moja kwa siku inatosha kwa dawa nyingi. Oga maji ya vuguvugu, paka mafuta mazito ya kulainisha, subiri kama nusu saa, kisha dawa kwenye ngozi iliyovimba au kukwaruza tu. Endelea mpaka uipapase na kuikuta laini, kwa kawaida wiki moja au mbili. Ukiacha siku ile mwasho ulipokoma, ugonjwa hurudi haraka.

Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, ndiyo maana tunasema upapase. Na ngozi ikishapona hubaki baka jeusi au jeupe kwa miezi. Baka hilo ni alama, ugonjwa umekwisha. Watu hulipaka steroidi miezi mitatu, minne, wakilifukuza, na hapo ndipo ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, michirizi ikatokea. Wanaopaka mkorogo wenye clobetasol huishia huko huko.

Tyubu zenye dawa tatu ndani, steroidi kali, ya fangasi na ya bakteria, ndizo zinazotusumbua zaidi. Mwenye fangasi hupaka, mwasho unatulia siku mbili, huku fangasi wakitambaa chini kwa chini na kubadilisha sura, hata daktari hawatambui kirahisi. Upele wa kuambukiza nao hufichika hivyo. Kama mnawashwa nyumba nzima, hasa usiku na katikati ya vidole, steroidi si dawa yenu.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, au ngozi ikitoa usaha, nenda hospitali. Vikitokea vilengelenge vidogo vinavyouma pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo. Aliyepaka dawa kali usoni kwa miezi asiikatishe ghafla peke yake. Ngozi huweza kuwaka na kuvimba kuliko mwanzo. Aende na tyubu yenyewe, hata kama imebaki tupu, ili daktari ajue anapunguza nini.