Maswali na Majibu: Onyesheni Bidhaa Kwanza, Majina Baadaye

Duka moja la mtandaoni limenidai namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA kabla sijaona hata bei ya friji. Wana haki hiyo? (Msomaji, Mbeya)

Hawana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyokueleza. Kutazama friji hakuhitaji NIDA. Simu na mahali unapoishi vitahitajika ukishanunua, maana mzigo lazima ufike. Kariakoo hakuna mwenye duka anayesimama mlangoni kuandika majina ya wanaotaka kuingia. Angethubutu, watu wangehamia kwa jirani, na mtandaoni nanyi hameni. Kama umeshajaza, waandikie wafute. Wakikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kisha piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako. Hilo lifanyeni hata ambao hamjajaza popote.

Naweza kuweka barua pepe ya uongo?

Risiti yako itapotea. Fungua barua pepe ya pili, iwe ya maduka tu.

Nauza vitenge. Fundi wa tovuti anasema niwalazimishe wageni kujisajili ili nipate namba zao. Nimsikilize? (Msomaji, Morogoro)

Usimsikilize, tena muulize yeye hununua wapi. Mwaka 2009 Mmarekani Jared Spool, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alieleza kisa cha duka kubwa la mtandaoni lililolazimisha wateja kujisajili kabla ya kulipa. Wageni walichukia, na wa zamani walikuwa wamesahau nywila zao. Wenye duka walipoondoa sharti hilo na kuweka kitufe cha kuendelea bila akaunti, wanunuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na mapato ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300. Angalia: hao walikuwa tayari wameshika bidhaa mkononi. Wewe unataka kumfungia mtu ambaye hajaona hata rangi ya kitenge! Na kilicho nyuma ya usajili, Google haikioni, kwa hiyo anayetafuta vitenge hatakufikia.

Nakubali sababu moja ya kulazimisha usajili. Vente-privee, duka la mtandaoni la Ufaransa iliyoanza mwaka 2001, iliuza kwa wanachama tu kwa sababu kampuni zenye majina hazikutaka bei zao za punguzo zionekane na kila mtu. Wewe huna mkataba wa namna hiyo na mtu. Weka picha, bei na namba yako ya WhatsApp. Anayetaka atakutafuta mwenyewe.

Kuna ubaya gani kutumia nywila moja kila mahali?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara jibu ni lile lile: acheni! Mwaka 2014 eBay, soko kubwa la mtandaoni la Marekani, iliwataka wateja wake wote, akaunti zipatazo milioni 145, wabadilishe nywila baada ya wezi kuingia. Kama eBay iliingiliwa, kiduka kilichofunguliwa mwezi jana kitakulinda na nini? Mwizi akipata nywila yako ya dukani huijaribu kwenye barua pepe, na akishika barua pepe ameshika vyote. Na PIN ya pesa za simu isiwe nywila popote.

Maduka ya Instagram yanaandika "bei njoo inbox". Nayo ni yale yale?

Yale yale, na mimi sinunui huko. Ukiuliza bei wameshakujua, na wanaweza kukupandishia kwa jinsi unavyoonekana pichani. Wakikuhamishia WhatsApp, namba yako imekwenda, na matangazo yataanza usiku huo huo. Nunua kwa anayeandika bei. Na ikija meseji ya "tuma pesa kwenye namba hii" kutoka kwa usiyemjua, usijibizane naye. Itume 15040, namba ya kuripoti matapeli.