Barua kwa mwanangu: wawili wa mlangoni

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na kile kijitabu cha historia ya zimamoto ya Philadelphia nimekisoma chote. Umeniuliza kama ujiunge na kikosi cha kujitolea cha hapo mjini kwenu, ukakimbilie moto wa watu usiku bila malipo. Nitakujibu, lakini kwanza nikwambie kilichonishika humo.

Si magari. Ni mkataba wa Desemba 7, 1736, wa Union Fire Company, chama cha Benjamin Franklin, huyo huyo wa kwenye noti ya dola 100. Kila mwanachama anunue kwa pesa zake ndoo za ngozi na mifuko ya kitani. Ndoo naelewa. Mifuko je? Ya kutilia vyombo vya mwenzao nyumba ikishika moto. Na wawili wao wasimame mlangoni muda wote, asiingie wala asitoke na kitu mtu wasiyemwamini. Hapo nikakiweka kijitabu chini.

Maana sisi mlangoni hatukuwa na mtu. Duka la marehemu baba yako lilipoungua, mtaa mzima wa Ngamiani ulitujia. Wa ndoo walikuja, wa mchanga walikuja, sikatai; bila wao hata nyumba ya shangazi yako isingepona. Lakini ile cherehani ya kukanyaga ilitoka salama. Niliiona kwa macho yangu ikibebwa na vijana wawili, mmoja akaniambia, "Pole mama, tunakuokolea." Mpaka leo wananiokolea. Vitambaa vya wateja vivyo hivyo. Baba yako alivilipa kimoja kimoja, wala hakutaka jina la mtu litajwe. Mimi ninalo.

Ndiyo maana siku zote nasema, heri moto kuliko watazamaji wa moto. Baba yako alikuwa akinikatiza: "Na waliokuja kuuzima?" Haya, na waliokuja kuuzima.

Ila wa kujitolea nao si malaika. Hata hao wa Franklin waliahidi kuokoa vyombo vya wanachama. Asiye mwanachama je? Karne iliyofuata vikosi vya Philadelphia vikawa vinagombania kufika kwanza, vikapigana mitaani kwa mawe na matofali, mpaka mwaka 1871 jiji likaweka zimamoto wa mshahara. Na mwaka 1818 watu weusi walipoanzisha chama chao, African Fire Association, vyama vya wazungu vilipinga hadi kikavunjwa. Hilo kwenye simu ulilipita haraka. Ulidhani sitalifikia? Hao wanaokualika sasa huenda ni watu wema kabisa, siwajui. Lakini heri moto, nimeshasema.

Sikwambii ujiunge. Una mtoto mchanga, na paa likianguka haliulizi nani analipwa. Wala sikwambii usijiunge, maana siku ile ningempata mtu mmoja tu wa kusimama pale mlangoni, ningemwombea dua hadi leo. Umri unao, amua mwenyewe. Mimi nisingekuzuia... basi, nimenyamaza.

Ukiamua kwenda, usimwambie bibi yako kwenye simu. Ana presha. Niachie nimwambie mwenyewe, akishakula.

Mama yako